Kijiji kilihamishwa, mashamba yakabaki bondeni

Ukimuuliza mtu wa Mkongo, kijiji chetu huku Rufiji, anatoka wapi, kama ni mzee atakutajia mahali usipopaona kwenye ramani. Atataja kilima kidogo upande wa pili wa Mto Rufiji, au ukingo wa ziwa fulani, walikokuwa wakiishi jamaa zake kabla ya kuhamishwa. Bibi yangu alikuwa hivyo. Mkongo alikaa maisha yake yote ya utu uzima, lakini akisema "nyumbani" alimaanisha bondeni.

Zamani watu wa Rufiji hawakukaa kwenye vijiji vikubwa. Kaya zilitawanyika bondeni, kila ukoo kwenye mwinuko wake, mashamba yakiwazunguka. Mafuriko ya 1968 yalipoharibu mazao, serikali ikaamua watu watoke huko. Kufika 1969 maelfu walikuwa wamepandishwa nchi kavu, wengi upande wa kaskazini wa mto, na hapo ndipo vijiji vya ujamaa kama Mkongo vilipopata sura yake. Shule ikaja, zahanati ikaja. Bibi hakuyabeza hayo hata siku moja, maana wanawe walisoma.

Ila udongo wa huko juu ni mchanga. Mpunga hauutaki. Shamba likabaki ng'ambo ya mto wenye mamba na viboko, na mtu akawa na makazi mawili. Msimu ukifika, familia inavuka kwa mtumbwi na vyungu vyake na kuku wake, inahamia kwenye dungu. Kwa msiolijua, dungu ni kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo ndefu shambani. Maji yakipanda unabaki juu, unapika juu, unalala juu, na mchana kutwa unafukuza ndege wasimalize mpunga. Usiku ni zamu ya nguruwe na viboko. Watoto nao walivukishwa, kwa sababu nani angewaachia chakula kijijini? Ndiyo maana madawati yalikuwa wazi miezi kadhaa, na walimu wageni wakadhani wazazi wa Rufiji hawapendi shule. Maneno hayo yananiuma mpaka leo. Waliowatuhumu wazazi wetu hawakujiuliza shamba liko wapi.

Nataka pia kulisemea hili la mafuriko, maana kila yanapotajwa kwenye habari yanatajwa kama adui tu. Mto wetu hujazwa na mvua za mbali: Kilombero, Luwegu, Ruaha Mkuu. Huku kwetu mbingu inaweza kuwa nyeupe kabisa na maji yakawa yanapanda. Yakija kwa kiasi chake, mpunga uliopandwa mapema unakua nayo. Yakishuka, yanaacha tope jipya lenye unyevu, na hapo tunapanda mlau: mahindi, kunde, zamani na pamba, bila kungoja mvua. Maziwa ya pembeni kama Ruwe na Zumbi nayo hujazwa na mto, kisha watu wakavua perege na kambale. Mwaka ambao mto haukutoka kwenye kingo zake, bibi aliuita mwaka wa njaa.

Yapo mafuriko mabaya, sikatai. Ya 1974 wazee waliyasimulia kwa sauti ya chini. Ya Aprili 2024 tuliyaona wenyewe, mashamba yakifunikwa na watu wakiokolewa kwa boti huko Mohoro na kwingineko.

Sasa juu yetu kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Nafurahia umeme kama Mtanzania yeyote. Lakini bwawa linashika tope pamoja na maji, na tope hilo ndilo mbolea yetu. Ningependa wanaopanga kufungua maji wakae na wakulima wa mlau, wawaulize maji yafike lini na yapande hadi wapi. Wanawake waliokesha kwenye dungu wanaujua mpunga unazama kwenye maji ya kina gani.

Na ninyi wenzangu wa Mkongo, Ruwe, Ngorongo na Utete, wenye wazee walio hai: waulizeni majina ya yale makazi ya bondeni, myaandike hapa chini. Mimi nimeanza na niliyoachiwa na bibi, nayo ni machache mno.