Tarehe za Hijria katika makala za jarida la makumbusho

Ukiandikia jarida la makumbusho makala inayotegemea nyaraka au maandishi ya mawe ya mwambao, tarehe ndiyo itakayonukuliwa na wengine. Usiigeuze kuwa ya Miladi kwa haraka.

Anza na makadirio: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500. Hesabu inatoa 485, na ukijumlisha 622 unapata 1107. Lakini mwaka 500 ulianza Septemba 1106 ukaisha Agosti 1107, kwa hiyo kinachoamua ni mwezi. Pale ni Dhulkaada, mwezi wa kumi na moja, basi 1107 inasimama.

Hapa wengi huteleza. Waswahili huita Dhulkaada Mfungo Pili, maana huhesabu tangu kumalizika Ramadhani: Mfungo Mosi ni Shawali, na mwaka wa Hijria huanza Mfungo Nne, yaani Muharamu. Anayedhani Mfungo Pili ni mwezi wa pili atachapisha 1106, na kosa hilo halionekani kwa macho.

Waraka ukitaja siku ya juma, itumie kuhakiki. Kumbuka siku huanza magharibi: usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Jedwali la kugeuzia tarehe likipishana na waraka kwa siku moja au mbili, ni mwandamo wa mwezi tu. Likipishana kwa siku nne, rudi kwenye tarakimu: ٢ na ٣ hufanana mno kwa mkono wa haraka, na sifuri, ambayo ni nukta tu, hupotea karatasi ikitobolewa na wadudu.

Mwezi usipotajwa, chapisha miaka yote miwili: 1141 H (1728/29). Tarehe ya asili itangulie daima, ili mwingine aweze kukusahihisha.

Miongo ya Nairuzi, yaani makumi ya siku ya mwaka wa jua wa Waswahili, ni shughuli nyingine. Mwaka wake una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo husogea takriban siku moja kila miaka minne. Kutumia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, wa Makunduchi wa siku hizi kupima mwongo wa karne ya 19 ni kupotea kwa mwezi mzima au zaidi.

Na tarehe ya maandishi si lazima iwe ya jengo. Sehemu kubwa ya msikiti wa Kizimkazi unaoonekana leo ilijengwa upya karne ya 18.