Nilivyohamisha kyu na gridi kutoka rekordbox 6 kurudi rekordbox 5

Mimi na mdogo wangu tunapiga mziki wa sherehe, sendofu, kicheni pati, harusi, mimi nipo Buzuruga hapa Mwanza yeye yupo Sengerema. Wote tunatumia rekordbox, programu ya madj ya kupanga na kupiga nyimbo. Laptop yake ni ya zamani, rekordbox 5 inaenda freshi kabisa, mimi natumia 6. Nyimbo tunapeana kwa hadi diski na hazina shida, mp3 ni mp3 tu, kinachosumbua ni ile kazi unayoifanya juu ya wimbo, kyu (alama za sehemu ya kuanzia ndani ya wimbo), gridi (mistari inayoonyesha kila biti ilipo), plelisti, hivyo vyote programu inavitunza kwenye databezi yake.

Na databezi ndo zimeachana. Toleo la 6 lilitoka 2020 na databezi mpya, ukilifungua mara ya kwanza linabeba kolekshen yako ya 5 na kuigeuza, ila ile ya 5 inabaki ilivyokuwa, kwa hiyo utakachoongeza kwenye 6 baada ya hapo 5 haina habari nacho. Kuna wanaoshauri ukopi folda la databezi. Haisaidii, 5 inasoma datafile.edb, 6 inasoma master.db ambayo imefungwa kwa enkripsheni.

Iliyonisaidia ni xml, faili la maandishi ya kawaida ambalo matoleo yote mawili yanalisoma. Kwenye 6 naingia menyu ya File, natoa kolekshen nzima kwa xml, linatoka faili moja jepesi hata WhatsApp linapita. Humo kila wimbo una mstari wake na chini yake kyu zote, zenye Num="-1" ni memori (kyu za kumbukumbu tu), Num="0" ni hoti kyu A (ya kubonyeza kitufe wimbo uruke hapo hapo). Kuna wimbo wa kisukuma tunaingizia bibi harusi, mwanzo wanaongea weee mpaka ngoma ziingie, MC akishasema simameni huwezi kuanza kutafuta, kwa hiyo ile kyu lazima iwepo pale pale kwenye laptop zote mbili.

Kabla ya kuipakia angalia Location, yaani njia inayoonyesha wimbo upo wapi kwenye diski. Kwangu inaanza file://localhost/E:/ na kwake diski inasoma F, usipobadilisha nyimbo zote zinaonekana hazipo. Fungua kwa Notepad, badilisha zote kwa mpigo, sevu. Halafu kwenye 5 ingia Preferences, Advanced, Database, uielekeze kwenye hiyo xml, itatokea pembeni kwenye orodha. Hapa muwe makini sana jamani, usivute plelisti peke yake maana wimbo ambao tayari upo unaweza kubaki na kyu za zamani, ingia ndani ya plelisti, chagua nyimbo zote, bonyeza kulia, Import To Collection, ikiuliza kama ipakie taarifa mpya kubali.

Michoro ya mawimbi ya sauti haimo kwenye xml, laptop ya pili itachambua nyimbo upya, na kabla haijaanza toa tiki kwenye BPM/Grid (BPM ni mapigo kwa dakika). Hili kwa singeli ni lazima kabisa! Singeli inakimbia BPM 200 mpaka 300, programu ikipima yenyewe mara nyingi inakupa nusu, na gridi niliyoipanga kwa mkono biti kwa biti sikubali ifutwe.

Mdogo wangu naye akiweka kyu mpya anatoa xml ya 5 ananirushia, 6 inaipokea bila shida. Tumekubaliana tu kila wimbo una mwenyewe, singeli napanga mimi, za kisukuma na taarabu anapanga yeye, maana xml ya mwisho kuingia ndo inayofunika.