Chumba cha 4, bato ya Kituku na ile sistemu tunaingoja Goma

Kwetu Himbi, mtaa wa Goma, tuko na daftari moja kubwa ya kifuniko cha bluu, iko pale resepsion tangu mama mkubwa afungue nyumba ya wageni, na mimi ndo naandikaga ndani. Jina, siku ya kufika, siku ya kutoka, chumba, amelipa avansi ao bado. Basi Agosti 2019, parki ya Virunga ilikuwa imefungua tena tangu Februari na wageni walikuwa wameanza kurudi, nikaandika bwana na bibi yake chumba cha 4 kwa simu, kumbe mdogo wangu naye amejibu watu wengine kwa WhatsApp, chumba kilekile, usiku uleule. Wakafika wote saa kumi jioni, wametoka kushuka Nyiragongo, ule mlima wa moto, matope mpaka magotini, wanasimama mbele yangu na mabegi yao na funguo ni moja. Niliwapa chumba changu, nikalala kwa kiti, na usingizi haukuja juu nilikuwa nawaza, kama sisi ndani ya nyumba moja hatujui chumba gani kiko wazi, mji mzima utajuaje?

Toka siku ile nikaanza kufuatilia hii maneno ya sistemu za kusimamia maeneo ya utalii. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: pahali pamoja kwa intaneti ambapo kila kitu cha sehemu kinaingia, vyumba, mabato (boti) na saa zao, magidi wa kuongoza wageni, bei, barabara iko sawa ao hapana, mgeni anaona na anaweza kulipa palepale, na wenyeji nao wanapata hesabu, wangapi wamekuja, wamelala siku ngapi, wametumia pesa wapi. Huko Tirol, Austria, walianza miaka ya 1990 na kitu kinaitwa Tiscover, na ndani mlikuwa pia nyumba ndogondogo za familia kule milimani, siyo hoteli kubwa peke yake. Hiyo inanigusa sana juu sisi pia ni nyumba ndogo ya familia chini ya mlima.

Siyo kwamba hapa hatukujua kitu. Virunga walikuwa na site yao, mgeni analipa permi ya kuona ngagi (gorila) dola 400, kupanda Nyiragongo dola 300, viza na gari vinapangwa hukohuko, na ilitembea vizuri kabisa (ng'ambo Rwanda permi ya ngagi ni dola 1500 tangu 2017, kwa hiyo watu walikuja kwetu). Lakini mgeni akitoka kwa parki akashuka mjini, sistemu imeishia hapo. Ziwa Kivu hakuna, kisiwa cha Idjwi hakuna, wale wenye kuchonga chukudu (zile za mbao za kubebea mizigo) hakuna, mama wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa) hakuna. Anavuka barrière ya mpaka jioni anaenda kulala Gisenyi, upande wa Rwanda, na ile pesa imepita mbele ya mlango wetu tunaiangalia.

Nimeuliza watu wengi wanaoishi na hii kazi, na kila mtu anapenda sistemu kwa sababu yake. Papa mmoja wa bato pale Kituku, bandari ndogo ya ziwani, aliniambia, "Mtoto yangu, miye wananiita saa wageni wako tayari kwa maji, esansi nitatoa wapi?" Alinionyesha simu yake, ndogo ya kubonyeza, skrini imepasuka kona moja, imefungwa na kamba ya mpira. Yeye anataka kitu kimoja tu, ajue jana yake watu ni wangapi. Gidi anataka jina lake na namba yake vionekane, mgeni amwite yeye mwenyewe bila kupita kwa ajensi. Mama wa sambaza anataka ajue siku gani wageni wanakuja ili akaange vya kutosha na visibaki.

Wenye hoteli ndo walinishangaza. Nilifikiri wao watakuwa wa kwanza, kumbe mmoja akaniambia waziwazi: nikiweka vyumba vyangu vyote pale na kila siku inaonekana vimejaa vingapi, kesho watu wa ushuru wako kwa mlango. Na mwingine akauliza kamisheni itakuwa ngapi, juu site za nje zinachukua mara nyingi kama asilimia 15 na anaona hiyo inamuumiza. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mtu hawezi kutoa habari zake kama hajui nani atazisoma na nani atafaidika, na nafikiri sistemu nyingi zinakufia hapo, siyo kwa sababu ya ordinateri. Hayo makubaliano yaandikwe kwanza, wenyeji wakae ndani ya kamati, ndo programu ifuate.

Na kwetu iko sababu ingine kubwa kuliko biashara. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, Nyiragongo ikalipuka, mbingu ikawa nyekundu juu ya Goma. Nilikuwa na wageni wawili wa Butembo na mmoja wa Kinshasa, wote wananiuliza mimi, mama, tukimbilie wapi? Kwa WhatsApp audio zinaanguka kama mvua, huyu anasema lava imefika uwanja wa ndege, huyu anasema barabara ya Sake imekatika, huyu anasema bato za Bukavu ziko. Nilipiga namba saba za bandari, ni moja tu ilijibu. Lava ilisimama Buhene, karibu sana na uwanja, na tarehe 27 wakatuambia tuhame na maswali yakaanza upya yaleyale. Tukiwa na pahali pamoja pa kusema ukweli wa leo, bato gani inatoka na saa ngapi, njia gani inapitika, hata kwa mesaji ya kawaida juu si kila mtu ana mega za intaneti, usiku ule ungekuwa mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi sistemu ni za nchi zenye amani na watalii wengi, nakataa kabisa.

Tangu vita iingie mjini Januari 2025 wageni wamekuwa wachache sana, vumbi inakaa juu ya ile daftari. Nimetumia huu muda kuanza na nilicho nacho, fishi moja ya Google (jedwali la kwa intaneti) tunaichangia watu wa Himbi na Kituku, mpaka sasa tuko na bato 11, nyumba za wageni 6 na magidi 9, kila mmoja amekubali mwenyewe kitu gani kionekane na kitu gani hapana. Papa wa bato hawezi kuifungua kwa simu yake, basi tumepatana kila Jumapili ananibipu na mimi nampigia. Jumapili iliyopita alinibipu saa moja usiku, bato ya Idjwi imesogezwa mpaka saa mbili asubuhi. Nikabadilisha palepale.