Kikohozi Nyuma ya Mlango

Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa wa tatu dada alipoinua mkono. Hakusema kitu. Alinyoosha tu kiganja, kama anayesimamisha gari, macho yake yakiwa kwenye mlango nyuma yangu. Nami, nalikiri hili kwa aibu, nilifurahi. Nilidhani nimemtisha.

Kumtisha dada yangu si kazi ndogo. Tangu nianze kuandika riwaya za mizuka yeye ndiye msikilizaji wangu wa kwanza, na katika riwaya mbili zilizotangulia hakuwahi hata kupepesa jicho. "Maiti wako anaongea sana," aliniambia kuhusu ya kwanza. Kuhusu ya pili: "Huyu jini ana hasira, ila hana kazi ya kufanya." Dada ni muuguzi. Amekesha na wanaokata roho kwa miaka, na mtu wa namna hiyo humbabaishi kwa kucha ndefu na macho mekundu.

Ndiyo maana nilikuwa namsomea kwa sauti, usiku, kwa taa moja ya mezani. Kuna usiku mmoja wa Juni 1816 ambao kila mwandishi wa mambo ya giza anauonea wivu. Kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, mshairi Mwingereza Byron alikuwa akiwakariria wenzake beti za mshairi mwenzake Coleridge, na ghafla Percy Shelley, naye mshairi, akapiga yowe, akajishika kichwa, akatoka mbio chumbani na mshumaa. John Polidori, daktari wa Byron, alikuwapo, akayaandika katika shajara yake. Miaka mingi nilitamani nipate yowe moja tu la aina hiyo. Sasa dada alikuwa ameinua kiganja, nami nikahesabu kuwa ni nusu ya yowe.

Ili lieleweke alichokisikia, inabidi nirudi nyuma mwezi mmoja.

Sura ya saba ilikuwa imenikwamia. Ndipo mzuka wa riwaya unapofika kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya mhusika mkuu, na nilikuwa nimemwandika mara nne, kila mara akiwa mbaya zaidi kwa sura na mchovu zaidi kwa kusoma. Upepo wa baridi nilimpa. Harufu ya udongo nilimpa. Katika rasimu ya tatu nilimpa hata meno ya ziada, Mungu anisamehe. Nilikuwa nalijua kosa langu kwa nadharia. Ann Radcliffe, Mwingereza mwandishi wa riwaya za kutisha, alikwisha kulieleza katika makala iliyochapishwa 1826, miaka mitatu baada ya yeye mwenyewe kufariki: kuna hofu inayotokana na kitu kisichoonekana vizuri, inayoikunjua nafsi na kuiamsha, na kuna ile ya kuoneshwa jambo zima waziwazi, inayoigandisha. Nilikuwa nimeibandika karatasi yenye maneno hayo ukutani mbele ya meza yangu. Nikawa naitazama, kisha naongeza meno.

Alfajiri moja nikakabwa na jinamizi. Nikilisikia neno hilo huwa nasikia ndani yake kuinama, kitu kimekuinamia, na ndivyo ilivyokuwa: kifua kizito, mikono imekataa, ulimi umekataa, macho pekee ndiyo yanazunguka. Wataalamu wa usingizi wanaieleza hali hii bila shida. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusiinuke tukaanza kukimbia pamoja na ndoto. Huiacha ya macho na ya kupumulia. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto ikaendelea huku macho yakiwa wazi. Huisha baada ya sekunde au dakika chache. Hupenda kumpata aliyelala chali. Nilikuwa nimelala chali. Yote hayo niliyakumbuka palepale, nikiwa nimekabwa, na kuyajua hakukunisaidia hata chembe.

Kisha nyuma ya mlango mtu akakohoa. Mara mbili, fupi fupi. Kimya. Halafu mara moja, ndefu, kama mtu anayeburuta meza sakafuni. Na baada ya hapo, taratibu, sauti ikasema: "Nipo."

Baba alikuwa ametutoka miezi 14 kabla. Kikohozi kile nilikijua kwa simu. Katika ugonjwa wake niliishi mbali, nikawa napiga kila jioni, na kikimjia alikuwa anaiondoa simu mdomoni, anamaliza, kisha anarudi na neno hilo moja ili nisidhani laini imekatika. Nipo. Tuliendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna kilichopita.

Mwili ulipofunguka sikuwasha taa. Sikumtaja Mungu, wala sikulia. Nilipapasa kalamu. Kufikia saa nne asubuhi sura ya saba ilikuwa imekamilika kwa mkono, kurasa tisa, na mzuka hakuwa na meno wala macho. Hakuonekana kabisa. Alikuwa anakohoa tu nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, mbili fupi na moja ndefu, na mwenye nyumba akiuliza nani, alijibu, "Nipo." Nilipoisoma mwenyewe, mikono ilinisisimka. Nikapiga simu kwa dada nikamwambia aje Jumamosi, safari hii hatalala.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi. Kiganja kikashuka.

"Kikohozi hicho umekitoa wapi?"

"Nimekitunga."

"Usinidanganye, mdogo wangu."

Niliziweka kurasa mezani. Nikamweleza habari ya jinamizi, nikijaribu kuifanya ichekeshe: mimi chali kama gogo, kalamu iliyokuwa imeviringika chini ya kitanda. Hakucheka.

"Mbili fupi, moja ndefu," alisema. "Unajua nani alikuwa anazihesabu?"

Nilijua. Dada ndiye aliyekaa na baba miezi yote ile, mimi nikiwa wa simu za jioni. Lakini kujua kwangu kulikuwa kwa juu juu, kama unavyojua kuwa mtu fulani ni fundi bila kuwahi kumwona akishika msumeno. Usiku ule ndipo alipoyasema kwa mara ya kwanza. Alikuwa analala chumba cha pili, mlango wazi. Hakuwa anaogopa kikohozi. Kikohozi kilikuwa habari njema. Zikija mbili fupi alikuwa anafumbua macho na kuisubiri ile ndefu, kwa sababu ile ndefu ndiyo iliyokuwa inamfungua kifua. Ikija, analala tena. Ikichelewa, anahesabu hadi ishirini, anainuka. Kwa muda wa miezi mitano aliishi ndani ya nafasi hiyo, kati ya kikohozi cha pili na cha tatu.

"Usiku wa mwisho nilizisikia mbili," alisema. "Nikaanza kuhesabu. Nadhani nilifika saba."

Hakuendelea, na hakukuwa na haja. Alikuwa amekesha siku tatu mfululizo; usingizi ulimchukua kwenye saba.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimeizungukia miaka yote hii. Dada yangu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio wake, na mimi, nikiwa nimemshika bega, nilikuwa naisahihisha sura ya saba. Sikuamua kufanya hivyo. Ilikuja yenyewe: hapana, si mbili fupi na moja ndefu. Ni mbili tu. Mzuka akohoe mara mbili, na ile ya tatu isije, na mwenye nyumba abaki anahesabu. Niliona waziwazi jinsi ukurasa ungekaa, wapi ningekata sentensi, na kwamba ungekuwa ukurasa mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Bega lake lilikuwa linatikisika chini ya kiganja changu.

Alinitazama. Nadhani aliliona usoni. Watu wanaotujua tangu tukiwa na meno ya utotoni hatuna pa kujificha kwao.

"Na umemwita mzuka," alisema.

Ni kweli. Kichwa cha sura kilikuwa "Mzuka wa Kwanza." Nikaanza kujitetea kilugha, nikasema hilo ni neno la kazi tu, kila mwandishi wa fani hii hulitumia.

"Mzuka ni kitu kilichozuka. Hakina kwao, hakina wa kukililia. Baba alizuka wapi? Angalau ungesema mzimu."

Nikikosa la kusema huwa nakimbilia vitabu, kama wengine wanavyokimbilia dini. Nikamweleza habari za Mary Shelley, mwandishi aliyekuwa na Percy na Byron kule Ziwa Geneva. Alikuwa na miaka 18 mwaka ule wa Geneva, na watu humwona kama binti aliyeshindana na washairi kutunga kisa cha kutisha kwa sababu mvua iliwafungia ndani. Lakini mwaka mmoja kabla, Februari 1815, alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto akafariki siku chache baadaye. Machi hiyo hiyo aliandika katika shajara kwamba ameota mtoto wake amerudi kuwa hai. Kwamba alikuwa ameshikwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akafufuka. Alipoamka hapakuwa na mtoto. Riwaya yake, Frankenstein, ya mwanasayansi anayetia uhai katika viungo vya maiti, ilichapishwa 1818. "Unaona?" nilisema. "Hata yeye alianzia kwa marehemu wake."

Dada alisikiliza yote kwa makini, kama anavyosikiliza maelezo ya mgonjwa anayemjua kuwa hajameza dawa.

"Huyo aliota mtoto aliyemzaa yeye," akasema. "Baba ni wetu sote, sikatai. Kikohozi ni changu."

Nilinyamaza. Nilipopata sauti nikamwambia nitazichoma kurasa zile. Nikamtajia mwandishi Robert Louis Stevenson: mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne, alisimulia kwamba mkewe, Fanny, alipoikosoa rasimu ya kwanza ya kisa chake cha Jekyll na Hyde, cha mtu mmoja mwenye nafsi mbili, Stevenson aliitupa yote motoni akaanza upya. Nadhani nilitaka anione shujaa kidogo.

"Sijakuomba uchome kitu," alisema. "Wewe kila jambo lazima litokee kitabuni."

Akanyoosha mkono, akazikusanya kurasa tisa, akazikunja mara mbili na kuzitia kwenye mkoba wake. Sikumzuia. Kuna kitu ndani yangu kilichokuwa kinapiga kelele kwamba sina nakala, kwamba ile imeandikwa kwa mkono alfajiri na haitaandikika tena vilevile, na nilikisikiliza huku nikimtandikia kitanda cha wageni. Asubuhi aliondoka mapema. Tuliagana vizuri, hata akanitania kuhusu gogo lililolala chali.

Sura ya saba niliiandika kwa mara ya sita ofisini kwa mhariri, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na alikuwa amechoka na visingizio vyangu. Mzuka nilimpa shada la funguo. Analitikisa nyuma ya mlango, ching, ching, kisha kimya. Kisanii hakuna kosa. Haonekani, kama Radcliffe anavyotaka. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na wako waliosema kiliwanyima usingizi. Mara kwa mara huulizwa kwenye mazungumzo na wasomaji kama nimewahi kukutana na mzuka, na najibu hapana, siamini vitu hivyo, huwa navipenda tu kwenye karatasi. Hucheka, nami hucheka. Kwa nini nimeshikwa na giza hivi wakati maisha yangu ni ya mtu anayelala saa nne, sijapata jibu linalotosha dakika tano za jukwaani. Nina jibu la siku ile nikiwa na mkono begani kwa dada, lakini halisemeki kwa kipaza sauti.

Dada alikisoma kitabu chote kwa siku mbili, kisha akapiga simu.

"Funguo hizi hazitishi," alisema.

"Najua, dada."

Kimya kikawa kirefu hadi nikaitazama simu.

"Nipo," alisema. Kisha: "Zile kurasa, una nakala?"

"Sina."

"Haya. Mimi ninazo," akasema, akakata simu.