Kutafuta Bolti za Breki za Honda ya Zamani Hapa Moshi

Pikipiki ninayoitumia ni Honda ya mwishoni mwa miaka ya 1980, yenye breki ya diski mbele na ya dramu nyuma. Injini yake haina neno. Kilichonisumbua ni bolti mbili zinazoshikilia kalipa ya mbele, yaani kifaa kinachobana diski, kwenye mguu wa shokapu: vichwa vyake vilikuwa vimeliwa na spana zisizo saizi yake, na kutu ilikuwa imeingia hadi kwenye uzi. Kwa mtu anayeshuka mara kwa mara kutoka Kibosho au Uru akiwa na mzigo nyuma, hasa wakati wa masika, hilo si jambo la kuahirisha, kwa sababu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki, na kalipa nzima imeshikwa na bolti hizo mbili pekee.

Maduka ya spea mjini yamejaa vifaa vya pikipiki za Boxer na TVS, jambo linaloeleweka kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba abiria. Kijana wa duka moja alinimwagia kopo zima la bolti mezani, akaniambia kwa upole, "Mangi, bolti ni bolti tu, wewe chagua inayoingia." Nilimshukuru, maana alikuwa na nia njema, lakini kuingia ndiyo sifa ndogo kuliko zote ambazo bolti ya breki inapaswa kuwa nazo.

Nilianza na vipimo. Bolti za kalipa yangu zina unene wa milimita 8, umbali kati ya jino moja la uzi na lingine ni milimita 1.25, na kichwa chake hufunguliwa kwa spana namba 12. Namba hiyo ya spana inafaa kuangaliwa, kwa kuwa bolti ya milimita 8 inayouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida huhitaji spana namba 13, ilhali Wajapani hutumia 12. Uzi wenyewe ni uleule, na hapo ndipo hatari ilipo: bolti ya kufungia geti itaingia kwenye kalipa vizuri kabisa, itakaza, na hakuna jicho litakaloona tofauti.

Tofauti iko kwenye nguvu ya chuma. Bolti nzuri huwa na namba kichwani. Ikiandikwa 8.8, tarakimu ya kwanza inamaanisha kwamba chuma chake hukatika kwenye mvutano wa Nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili kwamba huanza kunyooka bila kurudi inapofikia asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani 640. Bolti ya 4.8 huanza kunyooka kwenye 320, ambayo ni nusu tu. Bolti isiyo na alama yoyote kichwani naichukulia kuwa ya daraja la chini, na siiweki kwenye breki hata ikiwa inang'aa namna gani. Bolti nyingi za Kijapani huwa na tarakimu moja tu, kwa mfano 7, ambayo maana yake ni kilo 70 kwa milimita ya mraba, karibu na Nyutoni 690. Kwa hiyo bolti ya 8.8 inatosha kabisa kuchukua nafasi yake, mradi vipimo vingine vyote vilingane. Wapo wanaokimbilia 12.9 kwa kudhani kwamba namba kubwa ndiyo bora. Mimi siioni haja hiyo, kwani chuma kigumu kiasi hicho kinaweza kupasuka ghafla, hasa kikiwa kimepakwa zinki kwa umeme, kwa sababu haidrojeni huingia ndani yake wakati wa upakaji.

Kwa bolti za milimita 10 mtego ni mwingine. Wajapani hupenda uzi wa 1.25 kwenye unene huo, lakini bolti za kawaida za dukani zina uzi wa 1.5. Ukiilazimisha, itazunguka mara mbili au tatu kisha itagoma, na fundi mwenye haraka akiongeza nguvu, uzi wa alumini ndani ya kalipa unakwisha. Hapa ndipo nilipofaidika na jambo ambalo wenye pikipiki wengi hawalifikirii: Toyota nazo hutumia uzi huo wa 1.25 na kichwa cha spana namba 14, na mji wetu haupungukiwi na Toyota zilizokatwa kwa ajili ya spea. Kwa anayebadilisha ile bolti ya milimita 10 inayofunga mkono wa kuzuia bamba la dramu ya nyuma lisizunguke, bolti ya Toyota yenye alama kichwani ni bora mara nyingi kuliko mpya isiyo na jina. Ila tundu la pini inayozuia nati isifunguke lisisahaulike. Nimeona pikipiki kadhaa za bodaboda ambazo mahali pa pini pamefungwa waya, na mkono huo ukiachia wakati wa kukanyaga breki, bamba huzunguka pamoja na gurudumu.

Urefu nao hauna mjadala. Kwenye alumini, uzi ulioingia ndani unapaswa kufikia walau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 12 kwa bolti ya milimita 8. Ikiwa ndefu kupita kiasi inaweza kugusa diski au kugota mwisho wa tundu kabla haijakaza.

Mafundi wa kukereza chuma tunao, tena hodari, na mmoja alijitolea kunichongea bolti kutoka kwenye nondo. Nilikataa kwa heshima. Bolti ya kiwandani hupitishwa kwenye moto ili iwe imara, na uzi wake hufinyangwa kwa kubanwa badala ya kukatwa, na hayo mawili hayapatikani kwenye mashine ya kukereza. Kwa sababu hiyohiyo bolti ya breki haichomelewi. Na ile yenye tundu katikati, inayopitisha mafuta ya breki kutoka kwenye mpira kwenda kwenye kalipa, hainunuliwi kwa kukisia: itafutwe ya breki hasa, yenye uzi uleule, pamoja na washa mpya za shaba.

Njia iliyonisaidia zaidi ni kusoma namba za spea za Honda. Namba inayoanza na 95701, ikifuatiwa na 08025, ni bolti ya kawaida yenye kola, yaani ukingo mpana chini ya kichwa, unene milimita 8 na urefu milimita 25, hivyo mbadala wake unaweza kutafutwa popote penye bolti zenye daraja linalojulikana. Namba inayoanza na 90 ni bolti iliyotengenezwa kwa kazi maalumu, pengine yenye bega lisilo na uzi au gundi iliyopakwa kiwandani, na hiyo siibadilishi na nyingine. Bolti za kalipa yangu ziliangukia kundi la kwanza. Nilizipata Arusha, katika duka linalouza bolti za mitambo, zikiwa za 8.8 na zenye kola, kwa bei ambayo haikuzidi chakula cha mchana.

Kabla ya kuzifunga nilisafisha matundu kwa brashi na hewa, nikatia tone la gundi ya kuzuia bolti isilegee, kisha nikakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi Nyutoni-mita 25. Nimepiga mstari wa rangi kutoka kichwani hadi kwenye kalipa, ili zikianza kulegea nione bila kufungua chochote. Bolti za diski yenyewe zimebaki zilezile, kwa kuwa namba zake zinaanza na 90. Mpya nimeziagiza kwa namba kamili kupitia duka la Dar es Salaam.