Ndama wa masika

Aprili 2009, Kibosho, mvua haikatiki na banda la bibi pale chini ya migomba ni tope tupu. Ng'ombe wetu alikuwa amezaa jike, na jike ni sherehe. Dume huwa tunauliza tu atauzwa lini.

Siku ya 9 nikakuta mkia umegandamana na kinyesi cha njano, chepesi kama uji wa mgonjwa. Mimi mwanafunzi wa kidato cha nne, mjuaji, nikateremka Moshi mjini nikarudi na dawa ya minyoo. Muuzaji hakuniuliza hata umri wa ndama. Nikamnywesha yote. Kulipokucha alikuwa amelala ubavu, macho yametumbukia.

Bwana mifugo alipoiona ile chupa aliguna. "Kijana, mnyama wa siku 9, hiyo minyoo imekua saa ngapi?"

Akafinya ngozi ya shingo, akaiachia. Ikabaki imesimama kama pindo la khanga. Akaingiza kidole mdomoni: baridi, lakini ulimi ulikivuta kidogo.

"Bado yupo. Kinachomuua ni kuishiwa maji."

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi. Lita 2 za maji ya uvuguvugu, vijiko vya chai 12 vya glukosi, 1 cha chumvi, asubuhi na jioni. Maziwa asinyimwe, ila yapishane na maji hayo kwa saa mbili tatu. Hapo bibi akawa mkali, maana miaka yote ndama akihara alimkatia maziwa. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Tulimhamishia kando ya jiko, pakavu. Kona aliyokuwa akilala ndiyo aliyofia ndama wa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyewahi kuisafisha. Tukatoa matandiko yote, tukamwaga maji yanayochemka. Majibu ya kinyesi yalikuja baadaye: kriptosporidia, vimelea visivyoonekana kwa macho, vinavyodumu miezi penye unyevunyevu. Dawa yangu isingevigusa.

Siku ya tatu alinipiga kichwa cha tumbo akitafuta chuchu, akaniharibia suruali. Nilifurahi kupita kiasi.

Bwana mifugo alikuwa ametuonya tunawe kwa sabuni, kwani ugonjwa huo huwapata na watu. Nilinawa, nilipokumbuka. Wiki iliyofuata nikashinda chooni. Bibi akaja na jagi lile lile.

"Kunywa, mjukuu wangu. Mwenzio hakukunja uso."