Poka kwa vizibo vya soda, Kirumba

Shemeji yangu karudi safari na pakiti mpya ya karata, na mchezo mpya: poka, ile ya Texas Hold'em. Sisi tumekulia arubastini, kopa na uru tunazijua tangu hatujajua kusoma. Kilichonitesa ni kuzoea kwamba huku hakuna turufu. Shupaza haina ubabe wowote juu ya pau.

Mpango wenyewe ni mfupi. Unapewa karata mbili, unazificha. Katikati zinafunuliwa tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Kati ya zote saba unachagua tano zilizo bora. Kabla ya kufunua na kila baada ya kufunua kuna dau: unapita, unafuata, unaongeza au unatupa. Jozi inapigwa na jozi mbili, nazo zinapigwa na tatu za namba moja, halafu mfululizo wa namba tano, halafu tano za aina moja, mfano kopa tupu. Ziko za juu zaidi, ila kwa kuanzia hizo zinatosha.

Utamu uko kwenye bei, na mimi nauza dagaa Mwaloni. Jumamosi nilishika tisa na nane za kopa. Mezani zimeshafunuliwa nne, mbili kati yake kopa. Piga hesabu: kopa ziko 13, nne naziona, zimebaki 9. Karata nisizoziona ni 46. Nafasi yangu ya kupata kopa ya tano kwenye karata ya mwisho ni kama moja kati ya tano. Katikati kuna vizibo 20, shemeji akasukuma 20 vingine.

"Shem, unaingia au unatupa?"

Nilipe 20 kuwania 40? Hapo lazima nishinde mara moja kati ya tatu ndipo nisile hasara. Ghali. Nikatupa. Angeweka vitano tu ningefuata papo hapo, maana vitano kuwania 25 ni bei ya halali.

Karata ya mwisho ikaja kopa. Baraza zima likaangua kicheko, dada akanipigia na vigelegele. Wacheke, kwa bei ile natupa tena.

Shemeji ameanza kunong'ona habari za kuchezea shilingi mia mia. Dada alimjibu kabla yangu, na jibu lake haliandikiki hapa. Vizibo vinaendelea.

Kinachonishinda bado ni kuficha uso. Shemeji naye ana lake, ila hajijui: akishika karata nzuri, anaacha kutafuna dagaa.